Gunia la Mama Mukwe Ndani ya Pori la Kigwena

Tangu bibi yangu, yule niliyemuoa, alirudi kwao Kabezi, mimi na kiti tulikosana. Nakaa, nasimama. Naenda mpaka kando ya ziwa, narudi. Nalala, naamuka, nakuta miguu iko tayari ndani ya sandali. Majirani wanasema nilikanyaga ile njia mpaka ikakuwa mutaro, mvua ikinyesha samaki wanapanda mpaka mulangoni kwangu. Mimi sikusema hivyo, ni wao walisema.

Sababu yake iko hii. Bibi yangu alikuwa anaosha vyombo kando ya maji, kiboko akatokea kule mbali, akapiga chafya, akazama. Basi. Lakini mimi nikifika soko ya Rumonge na bidon zangu za mafuta ya mawese, watu wananiuliza habari, na mutu mwenye heshima hawezi kuwapa habari nyembamba kama ile. Nikaitia nyama kidogo. Nikasema bibi yangu alimupiga kiboko na mwiko juu ya pua, kiboko akalia kama mutoto, akaogelea bila kugeuka mpaka Kongo, na kule akaomba ukimbizi.

Soko yote ilicheka, hata wale samaki wadogo, ndagala, waliokauka juu ya meza walifungua mudomo. Lakini toka siku ile, bibi akipita kununua chumvi, wanawake wanamupigia sauti ya kiboko: “Huo! Huo! Huo!” Alivumilia, akavumilia, halafu akafunga nguo zake ndani ya kitenge.

“Siku utasema kitu namna kiko, bila kuongeza, nitarudi,” akaniambia.

Akaondoka na nguo tu. Sufuria zake aliziacha. Mimi kila asubuhi naziangalia kwanza, kabla sijanawa uso. Ziko? Ziko. Basi niko bado na bibi.

Sasa, kazi yangu ni mawese, lakini siku wageni wakija mimi njo nawatembeza ndani ya pori la Kigwena, kwa sababu nimekulia kando yake na najua njia zake zote. Wageni nimeona wa kila namna. Iko wale wazuri: wanatembea polepole, wakila ndizi ganda linarudi mufukoni, wakiona kima juu ya muti wanashika pumzi mpaka unaogopa wamekufa. Na iko wale wengine. Nimeona mutu anachonga jina ya muchumba wake ndani ya muti, na muchumba mwenyewe alikuwa ameshaolewa Nyanza-Lac. Nimeona mutu amevaa viatu vya ndoa, anauliza wapi iko ascenseur, ile lifti, ya kupanda kilima. Huyo wa mwisho labda nimeongeza kidogo.

Ile siku ya dimanche, siku ya kanisa, vijana wanne walitoka muji mukubwa, Buja. Wawili walikuwa wanajipiga foto tu, hao tuwaache. Wa tatu alibeba bafle ya muziki mabegani kama mutu anabeba mbuzi. Wa ine alikuwa dada mumoja mwenye lunete za macho, kimya, mukononi iko na mufuko wa kuokota takataka za wenzake. Nilikuwa nafunga mulango niende nao, mara naona mama mukwe anateremuka njia. Juu ya kichwa iko na gunia. Gunia tupu.

Mutu haji na gunia tupu bure.

“Amahoro, mukwe,” akasema, macho iko kwenye ukuta.

“Amahoro, mama. Muko salama?” Na mimi macho iko kwenye muguu wa kuku.

Kwetu iko hivyo. Mama mukwe humuangalii usoni, hauli mbele yake, na kumuamurisha, ‘fanya hivi, acha hivi,’ hiyo haifanyiki hata nyumba ikiwaka moto. Utamuambia moto kwamba mama iko ndani.

“Nimekuja kuchukua sufuria za mutoto wangu,” akauambia ukuta.

Nikaanza kuzunguka uwanja. Nikimuacha hapa na zile sufuria, nikirudi nitakuta jiko safi kama kiganja, na ndoa yangu imepanda bisi ya Kabezi. Nikikaa naye, wale vijana wataingia pori peke yao, na Mungu atusaidie. Akili yangu ikakimbia mara saba kuzunguka nyumba.

“Kuku,” nikamuambia yule kuku, “kama mama hajachoka, angeona kwanza pori. Watu wanatoka mbali kuliona. Sufuria hazina miguu.”

Mama mukwe akafikiri. “Sijaingia pori toka nilikuwa musichana,” akasema. Akarudisha gunia juu ya kichwa, akafuata. Lile gunia, jamani! Lilikuwa tupu lakini mimi njo niliyekuwa nalibeba.

Mulangoni kwa pori tulisalimia mulinzi, tukaingia. Nikawapa wageni sheria: hatukati, hatuchumi, hatulishi wanyama wa pori, hatupigi kelele, na kinachoanguka ndani ya pori kinabaki ndani ya pori. Nilisema haraka haraka kama mutu anafukuzwa, sababu kichwa changu kilikuwa nyuma, kwenye gunia.

Hatujafika hata kwenye kivuli kikubwa, kijana akafungulia bafle. Ile sauti! Majani yalianguka. Wavuvi wa upande wa Kongo waliacha nyavu, wakaanza kucheza. Popo waliamuka wakauliza kama ni ndoa ya nani.

“Zima hiyo!” nikasema.

“Muzee, ni ambianse kidogo tu.”

“Ambianse iko Buja. Hapa iko ndege. Zima uwasikie.”

“Ndege watalipa na wao?” Akacheka, lakini akapunguza.

Halafu akatoa brosheti zake, nyama ya vijiti, zimefungwa ndani ya gazeti, bado moto. Nyani mumoja, dume, mabega kama mulango wa kanisa, akashuka kwenye muti na kuketi mbele yetu kama mutu aliyealikwa. Kijana akamurushia kipande.

“Usimupe! Leo anakula nyama yako, kesho atavunja jiko la watu kutafuta ingine. Huku kwetu nyani wameshajua kufungua sufuria sababu yenu!”

“Ah, muzee, kamoja tu, nipige foto.”

Nyani hakutaka kamoja. Alitaka gazeti lote. Aliruka, akashika, kijana akavuta, nyani akavuta, kijana akaangalia yale meno, akafungua mukono bila kuombwa. Nyani akapanda muti na chakula cha watu wane, akaanza kula, anatoa vijiti kimoja kimoja, polepole, kama mutu wa bureau mezani kwake.

Nilimusema yule kijana mpaka mudomo ukakauka. Kwamba watu wa Buja hawana adabu, kwamba pori siyo kabaré ya pombe, kwamba pori lina wenyewe. Nilikuwa katikati ya utamu wa maneno yangu, yule dada wa lunete akanyosha kidole nyuma yangu.

“Muzee, na yule mama?”

Nikageuka. Mama mukwe ameinama chini ya muti, gunia limefunguliwa, na anaokota kuni. Vijiti vizuri, vikavu, anavivunja juu ya goti, pa! pa!, anavipanga ndani ya gunia kwa ustadi. Na hakuna mwanamuke wa huku kwetu anaweza kupita juu ya kuni kavu akaiacha. Ni kama kumuambia mwanaume apite juu ya telefone imeanguka.

Sasa miguu yangu ilianza kucheza peke yake. Kumukataza siwezi. Kumuacha siwezi, nimetoka tu kumutukana mutoto wa watu kwa nyama ya kwenye kijiti. Na nikuambie ukweli: kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu ilisema, acha aendelee. Kuni ikijaa gunia, sufuria zitaingia wapi?

Nikamuangalia kijana wa bafle. Nikasema kwa nguvu:

“Wewe kijana! Kuni ya pori haitoki porini! Inaoza hapa, inakuwa udongo, na wadudu wanakula!”

“Mimi?” Akajiangalia mikono. “Kuni gani, muzee? Hata brosheti sina.”

“Nyamaza. Nasema na wewe.”

Mama mukwe akanyoka mugongo. Yeye pia akamuangalia kijana.

“Mwanangu, muulize huyo anayekusema: kuni imeanguka yenyewe, ni nani aliikata? Mungu mwenyewe ameiangusha.”

Kijana akanigeukia. “Muzee, mama anauliza—”

“Nimesikia! Jibu kwamba Mungu aliiangushia wadudu!”

“Mama, anasema—”

“Niko na masikio. Muambie wadudu hawapiki bugali.”

“Muzee, wadudu—”

“Najua hawapiki! Muambie kila mama wa hapa akichukua gunia moja moja, mwaka kesho tutakuja kutembelea vumbi!”

Maskini, shingo yake ilikuwa inazunguka kama ya kanga. Dada wa lunete alicheka mpaka lunete ikaanguka. Mama mukwe akainama tena kwenye gunia. Lakini hakulimwaga. Alilifunga mudomo, likiwa nusu, akataka kulipandisha kichwani, na kijana, ambaye nilikuwa nimemutukana wazazi mpaka mababu, akaweka bafle chini na kusema: “Mama, leteni, nitawabebea.”

Akazima muziki, akamupa dada bafle, akabeba gunia. Tulitembea hivyo, kimya, na kima walitoka wakatuangalia, na ndege wakaanza. Ilikuwa matembezi mazuri kupita yote niliyofanya, na sikuona kitu. Nilikuwa nahesabu ndani ya kichwa: mulinzi iko mbele. Atasema nini? Nitasema nini? Mama mukwe atamuambia nini mutoto wake?

Mulinzi alisimama katikati ya njia.

“Hii ni nini?”

Kijana akasimama. Gunia lilikuwa juu ya kichwa chake, jasho likamutoka.

“Ninyi watu wa Buja!” mulinzi akaanza. “Munakuja kuiba mpaka kuni! Kule kwenu makala ya kupikia imeisha?”

Kijana akaniangalia mimi. Hakusema ‘ni ya mama.’ Angeweza kusema. Aliniangalia tu, na mimi nikaona haya ikinipanda toka kwenye kisigino.

“Ni yangu,” nikasema.

“Yako? Wewe?”

“Yangu. Muti ulipigwa na radi, muti mukubwa kama kathedrale, ukalala juu ya njia, nyoka mia moja wakatoka chini yake, basi nikasema niondoe vipande kidogo ili wageni—”

Mulinzi alifunga mikono kifuani. Yule mutu ananijua.

“Mukwe!”

Sijawahi kusikia mama mukwe ananiita mbele ya watu. Nyoka wangu wote mia moja walirudi chini ya muti.

“Acha,” akasema. Na aliniangalia mimi, usoni, siyo ukuta. Kisha akamugeukia mulinzi. “Kuni ni yangu. Mimi njo nimeiokota. Huyu hakugusa hata kijiti. Amenikataza njia yote, kupitia kwa mutoto wa watu, kama mutu anaongea na redio.”

Mulinzi akashusha mikono, kwa sababu mama mwenye umri ule ni mama wa kila mutu. Akakwaruza kichwa. “Basi, mama, tunaomba irudi mahali pake. Tafazali.”

“Murakoze,” mama mukwe akamushukuru. Akageuka, akapanda tena ile njia. Sisi sote nyuma yake. Alifungua gunia chini ya ule muti, na kila mumoja akachukua vijiti akaviweka, kijana wa bafle anauliza, “Mama, hiki kilikuwa wapi?” na yeye anajibu, “Pale, karibu na uyoga.” Nyani alikuwa juu, anatupigia jicho, kijiti cha brosheti mudomoni kama toothpick ya waziri.

Tulirudi nyumbani, wageni wakaenda zao. Na mimi naona lile gunia, tupu kabisa, lina nafasi ya jiko zima. Mama mukwe akaingia ndani. Nilisikia sufuria moja inagonga ingine. Nilizunguka nyumba, nikazunguka tena, kuku wakaanza kunifuata wakifikiri iko safari.

Akatoka. Gunia limekunjwa chini ya kwapa.

“Kuku,” akasema, “mugongo wangu umechoka na kuinama. Sufuria ni nzito. Zitabaki.”

Akaenda kwenye barabara kutafuta bisi.

Siku zikapita, sijui ngapi, sikuzilala. Halafu telefone ikalia. Bibi yangu.

“Ni kweli ulimuambia mulinzi kuni ni yako?”

“Ndiyo.”

“Ilikuwa kiasi gani?”

Ulimi uliniwasha, jamani. Uliniwasha kama nimekula pilipili ya Kongo. “Nusu gunia,” nikasema.

Akaniambia: “Mama anasema ilikuwa magunia mawili, na nyani wote wa Kigwena walimusaidia kubeba, na mulinzi alipiga magoti.”

“Hapana. Nyani alikuwa mumoja, na alikuwa anakula brosheti. Mulinzi alikwaruza kichwa tu.”

Nikasikia anacheka, anajaribu kuficha, kicheko kinatokea kwenye pua.

“Hapa Kabezi yote wanajua ile habari. Jana nimeenda kuchota maji, wananiita mutoto wa mama wa nyani. Afazali kiboko.” Akavuta pumzi. “Nakuja kesho. Tia maji ndani ya sufuria kubwa.”

Nilitia maji saa ileile. Yakachemka, yakaisha, nikatia ingine. Kesho yake nilisimama kando ya barabara, ndege bado hawajaamuka, bisi ya kwanza bado dereva wake anaota ndoto Buja. Bisi ilipita, na nyingine, na nyingine, jua likanipiga mpaka kivuli changu kikaomba kuketi. Mwishoni moja ikasimama. Bibi yangu akashuka na kitenge chake cha nguo, akaniangalia toka vumbi la miguu mpaka jasho la kichwa.

“Umengoja sana?”

“Kidogo,” nikasema.