Mama wa Dirisha Namba Tatu

Yule mama wa dirisha namba tatu pale benki hulowesha kidole chake chenye kofia ya mpira hata kama hana noti ya kuhesabu. Ukimfikia, anagusa kwanza sanduku lake la chakula, kama anahakikisha halijaibiwa, ndio akutazame. Sauti yake ni moja kwa kila mtu: "Hailingani." Mama yangu ashaambiwa hivyo mara tatu. Tunataka kufunga akaunti ya duka letu la cherehani, maana mtandao wao unakatika mteja akiwa analipa kwa simu, naye anahamia kwa jirani. Benki ya ng'ambo ya barabara haitufungulii akaunti bila barua ya hapa kwamba tumefunga. Shida ni kwamba mama alivunjika kiganja mwaka juzi, na sahihi yake haifanani tena na ile ya kwenye kadi ya sahihi waliyoihifadhi.

"Jasuben, hii sahihi au njia ya konokono?" yule mama akamuuliza mama yangu safari ya nne. Foleni nzima ikacheka.

"Dada, mkono ndio huu. Nikatoe wapi mwingine?"

Ilibaki dakika tano dirisha lifungwe. Akagusa sanduku lake, akamtazama meneja wao nyuma ya kioo cha ofisi yake. Halafu akailaza kadi yenye sahihi ya zamani mezani, maandishi yakimwelekea mama yangu, akasema pini imemdondoka, akainama. Mama yangu akainakili sahihi ile taratibu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Mimi nilichungulia pembeni. Hakuna pini aliyokuwa anatafuta, mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Aliinuka kalamu ilipoacha kukwaruza.

"Inalingana," akasema kwa sauti ileile, akagonga muhuri.