Nilimwambia Asubiri Semina

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili alipobakwa na jirani yetu, akapata mimba. Nilimwambia asubiri semina. Wanaharakati wanawake kutoka nchi jirani walikuwa wanakuja Dodoma kutusomea mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, nami niliamini ruhusa inakuja nao, kama chanjo inavyokuja na gari la wilaya. Tulisubiri wiki tatu.

Ukumbini nilikaa mbele, mwanangu akinyonya. Mwanasheria mmoja mgeni akasoma kwamba mwanamke aliyebakwa ana haki ya kutolewa mimba na daktari. Nikanyoosha mkono.

"Kwa hiyo kesho nimpeleke mdogo wangu hospitali?"

Akaangaliana na mkalimani. "Dada, mkataba unaruhusu. Sheria ya nchi yenu bado."

"Bado mpaka lini?"

"Ndiyo tunaipigania."

Bibi mmoja wa kijiji cha Haneti akadakia, "Kwani mwanangu, Dodoma imehama Afrika?"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kupiga kelele, ila sikujua nimkasirikie nani: walioandika haki hiyo, walioizuia, au mimi niliyemchelewesha mtoto wa mama yangu.

Nilimkuta nyumbani anafua sare. Jumatatu iliyofuata wasichana wote wangepimwa mimba shuleni, na atakayekutwa nayo angefukuzwa.

"Dada, wamesemaje?"

Nikamwambia wamesema ni haki yake. Akaacha kufua, akaniuliza aende kuichukua wapi.