Kitanda cha Kwenye Kipanya

Petroli iliyochanganywa na oili ina harufu yake, tamu kidogo na ya kukwaruza koo. Ikinipitia puani popote pale, nakuwa tena na miaka kumi, nimesimama uani kwetu Nyakato, mjini Musoma, nimenuna. Wengine huukumbuka utoto wao kwa maandazi ya mama. Mimi naukumbuka wangu kwa moshi wa pikipiki na kwa wivu, na leo nitawaambia yote, maana najua nanyi mna yenu.

Baba yangu alikuwa fundi pikipiki. Mwaka ule yeye na mdogo wake, Baba Mdogo Magesa, walinunua pikipiki mbili za kukimbilia milimani na kwenye matope, ndefu, nyembamba, zenye matairi ya meno, zisizo na taa wala pa kukaa abiria. Barabarani hazikuruhusiwa, kwa hiyo zilihitaji kubebwa. Baba akatafuta kipanya, basi dogo chakavu lililochoka kupakia watu, akang'oa viti vyote vya nyuma na kuchomelea vyuma sakafuni vya kufungia pikipiki. Hema la watu wazima lingefungwa juu ya paa. Nyuma ya kiti cha dereva kingekaa kitanda kimoja, ili safari ziwe za kulala huko huko porini.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Baba Neema, nyumba unayo," alisema mama mmoja muuza dagaa, "sasa porini unakwenda kulala una kesi gani?" Baba akamjibu kwamba hata fisi wanapenda wageni.

Kitanda kilikuwa cha mtoto mmoja. Na mtoto huyo, kila mtu alijua bila kuambiwa, alikuwa Nyangeta, mdogo wangu wa miaka saba.

Nyangeta alibeba jina la bibi yetu, mama yake baba. Bibi alifariki kabla Nyangeta hajazaliwa, kisha akamjia shangazi ndotoni akidai jina lake lirudi nyumbani. Kwetu ukibeba jina la mtu, umembeba na mwenyewe. Basi baba alimwita Nyangeta "Mama", akampa kiti chake na kumkatia kichwa cha sato. Akivunja sahani, baba alisema, "Nitamchapaje aliyenizaa?" Mimi siku niliyozaliwa hakuna aliyeota chochote, nikaitwa Neema. Nikivunja sahani, nilichapwa.

Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Mimi ndiye niliyezijua spana zote kwa namba. Mimi ndiye niliyeshika tochi baba akiwa chini ya kile kipanya. Yeye hata tairi la mbele na la nyuma alikuwa hatofautishi.

Ikafika siku ya kupima kitanda. Baba hakutaka futi. Alisema kitanda hupimwa kwa mwenye kukilalia. Akamlaza Nyangeta mkekani, akanyoosha kamba ya katani kutoka kisigino mpaka utosini, akaongeza shibiri moja ya kukua, kisha akafunga fundo kila ncha. Mama akatoka jikoni mbio.

"Baba Neema, mtu hapimwi amelala! Maiti ndiyo inapimwaga hivyo."

"Huyu mama yangu alishakufa mara moja," baba akacheka. "Hafi tena."

Mama hakucheka. Kamba ikatundikwa msumarini, ikisubiri kupelekwa kesho yake kwa seremala wa Manyamanyama, kule Bunda, aliyekuwa na mbao nzuri. Mchana ule, baba alipokwenda kula, nilichukua kisu cha mboga nikakata shibiri zangu mbili. Kisha nikafunga fundo jipya kama lile lile, kwa kuwa baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kulifunga. Sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka tu kitanda kimkatae.

Nacho kikamkataa. Kilipofungwa ndani ya kipanya, Nyangeta alijilaza, na nyayo zake zikaning'inia nje. Baba alianza kwa kumlaumu seremala. Akaleta kamba, akailinganisha na kitanda, ikawa sawasawa. Akailinganisha na Nyangeta, ikaishia kwenye vifundo vya miguu. Akayaangalia yale mafundo kwa muda mrefu, nami nikasubiri kuitwa kwa jina langu kamili.

"Mama yangu amekataa," alisema taratibu.

"Nilikuambia," mama akajibu.

"Neema, utakwenda wewe."

Asubuhi ya safari Nyangeta alisimama mlangoni amevaa viatu vyake vya kanisani. Nilimpungia mkono kupitia dirishani. Nilifurahi, siwafichi, nilifurahi njia nzima mpaka Butiama.

Tulilala kwenye boma alikozaliwa bibi, karibu na miamba. Kitanda kilikuwa kifupi kwangu kuliko kwa Nyangeta, nikajikunja usiku kucha. Alfajiri nilimsikia baba nje, amevua kofia, anaongea peke yake kwa lugha ya nyumbani.

"Mama, nimechelewa. Gari nimeleta, wewe umekataa kupanda. Bado umenikasirikia."

Nilimuuliza Baba Mdogo, ambaye alikuwa anawasha jiko. Akaniambia bibi aliolewa mbali, kandokando ya ziwa, na uzeeni aliomba miaka mingi aletwe aone kwao. "Kaka alimwambiaga asubiri anunue gari. Akasubiri mpaka akafa."

Pikipiki hazikushushwa siku ile. Baba alipofungua mlango akaniuliza kama nimelala vizuri. Ningeweza kusema wakati ule. Nilisema nimelala vizuri.

Safari zilifuata nyingi, na zote nilikwenda mimi. Baba aliendelea kumwita Nyangeta "Mama", ila kwa mbali, kama mtu anayemwogopa mkwe. Hakumpakia kwenye kile kipanya hata kufika sokoni. Mimi nilihesabu kwamba nimeshinda.

Pasaka iliyopita tulikutana nyumbani. Nyangeta sasa ana watoto watatu. Tulikuwa tunakunywa chai barazani, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Dada, hivi mimi nilimkosea nini baba? Wewe alikubebaga kila safari. Nilikuwaga nakuonea wivu, nikawa naomba Mungu uugue ili anichukue mimi."

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba wivu ungeweza kutoka upande ule. Miaka yote niliyolala nimejikunja kwenye kitanda kile, yeye alikuwa amelala nyumbani akijitafutia kosa. Baba alikuwa sebuleni nyuma ya pazia, mzee, macho yamepungua, masikio mazima kabisa.

Nikainuka, nikamwongezea mdogo wangu chai.