Hukumu ya Mpishi

Miaka ile kiwanda kilipozimika na mishahara ikasahau njia ya kufika mtaa wetu wa Panda, televisheni katika safu yetu ya nyumba za kambi ya wafanyakazi ilikuwa kwetu tu. Kila Jumapili alasiri majirani walikuja, kila mtu na kiti chake, kutazama filamu ya mfululizo ya Ulaya ya zamani, enzi za magari ya farasi. Tajiri mmoja alikuwa ametiliwa sumu, na wiki hadi wiki tulimtafuta muuaji. Mama alisoma kwa masista, kwa hiyo alisimama kando ya meza akitufasiria Kifaransa.

Hakufasiri tu, alihukumu pia. Mwigizaji wa inspekta alimwona bure kabisa: analia bila machozi. Mjane wa tajiri alijua kazi yake, ila alikaza shingo mno. Mwigizaji wa mpishi ndiye mama aliyempenda waziwazi. Mtu anayekata vitunguu kwa upole vile, alisema, hawezi kuua.

Baba hakukubali. "Njo ule mupishi aliua," alisema kila Jumapili. "Iko na macho ya mwivi."

"Weye unamuchukia sababu iko muzuri," mama alimjibu, na majirani walicheka mpaka maneno ya filamu yakatupita.

Wiki ya sehemu ya mwisho, unga uliisha nyumbani. Mama aliomba Jumapili ipite kwanza, lakini njaa haina Jumapili. Baba akaibeba televisheni kwa mfanyabiashara wa samaki wa ziwa Tshangalele, akarudi na unga. Nilimkasirikia sana. Bukari ile, ugali wa unga huo, niliila nimenuna, ila niliimaliza.

Jumapili majirani wakaja na viti vyao, hakuna aliyewaambia kuwa televisheni imekwenda. Walipoiona meza tupu wakaanza kugeuka.

"Mukae," mama akasema. "Mwisho miye najua."

Akasimama pale pake pa siku zote, akatunga sehemu nzima kichwani mwake: mvua, gari la farasi, inspekta akikusanya watu sebuleni. Baba alikaa nyuma karibu na mlango, hakumtazama mtu. Mama akamtazama yeye.

"Njo ule mupishi," akasema. "Baba ya batoto alisema kweli."

Wote walijua mama alivyompenda yule mpishi.

Baba akainuka. "Hapana, mama. Miye nilikosa. Ule mupishi hakuua muntu."

Akaleta kiti chake mbele, karibu naye, akamwambia aanze tena pale kwenye mvua.