Korongo wa Bondeni Sironga

Sisi tunaojitolea kurekodi ndege huku Nyamira huwaita kwa sauti zao tulizohifadhi kwenye simu. Wiki nzima, ukungu ukiwa umelala bondeni Sironga, nilikuwa nikiwasha sauti ya korongo, na ng'ambo korongo mmoja akinijibu, polepole, kama anayeota. Nililiandikia kundi letu kwamba korongo wamerudi. Nilijiona mteule.

Jana nilimfuata nikitambaa matopeni, simu ikiita mkononi. Alijibu karibu kabisa. Nikatenganisha matete taratibu.

Mama Moraa, mwenyekiti wetu, alikuwa amepiga magoti mle, simu yake ikilia kikorongo.

"Kumbe yule dume ni wewe," akasema kwa huzuni. Nyuma yake kundi zima, alilolileta limwone dume huyo, likashusha kamera.