Mgeni wa Bila Simu

Kila Jumanne sisi wahamiaji tulikuwa tukikutana kwenye maktaba ya Weston, huku Kanada, kujizoeza kuzungumza Kiingereza. Mama wa Kikanada, mwalimu mstaafu aliyejitolea kutusaidia, ndiye aliyekuwa akileta mada: mapishi, mazoezi, majirani. Siku moja alileta ya wageni. Akaniuliza ningefanya nini rafiki akija nyumbani bila kupiga simu.

Nikamwambia kwetu mgeni hapigi simu, hupiga hodi, nasi huitikia karibu. Akashangaa. Kwake hata dada yake akitaka kuja, lazima wapange siku. Hapo nikachemka, na Kiingereza changu kinachojikwaa kikaanza kukimbia. Nikamwambia chai huongezwa maji tu, mgeni ni baraka, na kama haamini, aje siku yoyote; nikamtajia jengo langu na namba ya mlango. Hakunikatiza hata mara moja kunisahihisha. Namshukuru hadi leo, maana ndiyo siku ya kwanza niliyogombana kwa Kiingereza nikaeleweka.

Jumamosi mlango ukagongwa. Nilikuwa nimejifunga kanga kifuani, nguo chafu zimejaa kwenye kochi. Nikanung'unika: nani huyu asiye na adabu, simu hana?

Nje sauti ikasema taratibu, kama mtu anayejaribu somo lake, "Hodi."

Tangu nihamie jengo lile sikuwa nimepigiwa hodi. Nikaitikia karibu kwa sauti kubwa, hata kabla sijafika mlangoni.