Ngoma ya Sokomutu

Harufu ya muhogo uliolowekwa ikinifikia popote, masikio yangu hungoja mlio wa beseni. Kule kijijini kwetu Mabalako, miaka ya vita, sisi watoto ndio tuliolinda shamba: tuligonga beseni kuukuu ili wanyama wasitoke msituni. Tuliyemwogopa kuliko wote ni sokomutu, yaani sokwe. Tuliambiwa huiba wasichana na kuwafanya wake zake, na kwamba kabla ya kuja hupiga ngoma kwenye mizizi ya miti mikubwa. Ngoma ilikuwa kweli, niliisikia mwenyewe. Hayo mengine tuliyameza mazimamazima. Kila asubuhi Mama alitukumbusha: "Mukisikia sokomutu, mukimbie ku barabara, kwenye kuko batu. Mutu hawezi kukula mutu."

Adhuhuri moja ngoma ililia karibu mno. Mimi nilikuwa juu ya kichanja nikigonga. Dada yangu Masika alikuwa chini akichimba muhogo. Akatupa jembe, akakimbilia barabarani kama alivyofundishwa, akiita, "Mutusaidie! Sokomutu!" Barabarani kulikuwa na watu kweli. Walikuwa na bunduki, na mizigo iliyokosa wa kuibeba. Nilimwona akitwishwa gunia, akageuka mara moja kutazama kichanja, kisha akasukumwa mbele. Msituni hakutoka mnyama yeyote.

Nilimweleza Mama yote. Aliniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo, kisha akawatokea majirani akilia kwamba sokomutu amemuchukua mutoto wake. Nilimchukia kwa hilo. Sikujua bado kwamba mnyama hulaaniwa kwa sauti, lakini wenye bunduki hurudi kuuliza nani amewataja. Wanaume walikwenda msituni na mikuki, wakarudi na sokwe jike mzee, vidole vyake kama vya bibi yetu.

Sasa naishi mjini Butembo, na wanangu huniuliza ni mnyama gani wa kuogopwa zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nasi tulikuwa tukichungulia msituni. Msitu wenyewe umenyamaza siku hizi, ngoma haisikiki tena. Lakini kila nikienda kumsalimia Mama, namkuta shambani, mgongo umepinda, anagonga beseni lilelile. Safari iliyopita nilimwambia, "Mama, basokomutu hapana tena huku."

"Najua," akasema, bila kuacha kugonga. "Niko nagonga ili Masika asikie kwenye tuko."